Huyu Ni Nani Yako?

Siku ya mwisho ya miezi mitatu ya majaribio ya kazi dukani ilimkuta Tabasamu macho tangu alfajiri, akisubiri majibu. Kabla ya saa sita mchana Bi Msimamizi angeketi mezani kwake, afungue faili la Tabasamu, binti wa kaunta namba nne, aandike neno moja kati ya mawili: aendelee, au aondoke. Basi. Miezi mitatu ya kusimama mpaka miguu ivimbe, yote ingeishia kwenye neno moja.

Jina la Tabasamu alipewa na wenzake wiki ya kwanza, walipogundua kwamba binti huyu akiogopa ndipo meno yote hutoka nje. Mteja akimfokea, anatabasamu. Mashine ikigoma kusoma bei na foleni ikafika kwenye rafu za sabuni, anatabasamu zaidi. Wateja wakamsifu kwa ukarimu wake. Wenzake walijua kwamba kadiri meno yalivyoonekana, ndivyo moyo ulivyokuwa ukimwenda mbio.

Asubuhi ile alikuwa akitabasamu peke yake, hata kabla mlango haujafunguliwa.

"Beji yako iko kichwa chini," aliambiwa na Mama Pacha, mama mnene wa kaunta namba tano, aliyefanya kazi pale miaka tisa na hakuogopa kitu isipokuwa mende.

"Mungu wangu!"

"Tulia, mwanamke. Unatetemeka nini? Leo unasainiwa, kesho unatununulia soda."

"Na asiponisaini?"

"Kwa kosa gani? Hujawahi kuchelewa. Hujawahi kujibizana na mtu." Mama Pacha akashusha sauti. "Labda kama kuna kosa ambalo mimi silijui."

Tabasamu akajifanya anafuta mkanda wa kaunta kwa kitambaa. Mkanda ulikuwa msafi.

Kosa lilikuwepo, au tuseme lilikuwa njiani kuja. Na lilivaa miwani.

Alikuwa fundi wa miwani, kijana mrefu mwenye duka dogo upande wa pili wa barabara. Walikutana wiki ile ya kwanza, Tabasamu alipokuwa bado kwenye meza ya huduma kwa wateja, anajifunza kupokea vitu vinavyorudishwa. Fundi alileta tochi, akasema mbovu. Tabasamu akaifungua, akakuta haina betri. Kesho yake akairudisha ile ile, akasema sasa inawaka sana, inamuumiza macho. Siku ya tatu alikuja bila tochi. Hapo hata mlinzi alielewa.

Tangu siku ile walipendana kwa dhati, lakini kwa kujificha. Fundi hakununua tena kitu kwenye duka lile, hata maji. Alimsubiri nje jioni, kwenye benchi la kituo, wakakaa wakizungumza mpaka magari yao yote mawili yawapite.

Kujificha kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni sheria ya duka, iliyobandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa herufi nyekundu: mhudumu wa kaunta hamhudumii ndugu yake, mwenzi wake, mchumba wake wala jamaa yake wa karibu. Akitokea, mhudumu ananyanyua kadi ya bluu, Bi Msimamizi anakuja, anahudumia yeye, na uhusiano unaandikwa kwenye daftari. Wahudumu waliichukia kadi ile maana ilisimamisha foleni na kuanika mambo ya watu hadharani. Lakini waliiogopa pia. Mwezi uliopita dada wa kaunta namba mbili alimhudumia shemeji yake paketi moja ya sabuni, tena shemeji akalipa vizuri. Kesho yake dada huyo hakuwepo.

Sababu ya pili ilikuwa mama yake Fundi, mwalimu mstaafu. Mama huyu alikwisha kumtafutia mwanawe mke, binti wa rafiki yake, mfamasia. Siku moja mezani alisema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba hakumsomesha mwanawe ili aje kuoa msichana wa kubonyeza mashine dukani. Alisema hivyo bila kujua kwamba mwanawe anaye tayari msichana kama huyo, lakini Fundi alilimeza neno lile likamkaa kooni.

"Jumapili nitamwambia," aliahidi. Jumapili ikaja, mama akawa na wageni. Jumapili nyingine, mama akawa na presha. Jumapili iliyofuata, Fundi mwenyewe akaugua mafua.

"Mafua yanazuia kusema?" Tabasamu alimuuliza jana yake kwenye benchi.

"Sauti ilikuwa imekauka."

"Mbona mimi ulinipigia simu saa nzima?"

Fundi alisukuma miwani yake juu ya pua, jambo alilofanya kila alipokosa la kusema. "Mpenzi, nipe wiki hii tu."

"Nimekupa miezi mitatu," Tabasamu alisema. Aliinuka akapanda gari la kwanza lililokuja, ambalo halikuwa hata la njia yake.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na duka lilianza kujaa. Mama mmoja mwembamba, aliyevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakaa kama ya bahasha, alichagua foleni ya kaunta namba nne kwa sababu ilikuwa fupi. Akaanza kupanga vitu vyake juu ya mkanda, kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Mayai yawe juu, dawa ya choo iwe peke yake. Jana mwenzako aliniwekea mkate chini ya mafuta."

"Pole sana, mama. Nitapanga vizuri."

"Mwalimu."

"Pole sana, mwalimu."

Mama akamtazama usoni, akaonekana kuridhika. "Wewe angalau unasikia. Endelea."

Tabasamu alipitisha mayai, mashine ikalia. Akapitisha mkate. Alikuwa ameshika dawa ya choo aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Mama, majani ya chai ya pakiti ndogo yamekwisha, nimechukua..."

Fundi Miwani alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kaunta, pakiti mkononi.

Walitazamana. Hakuna aliyepepesa. Macho ya Fundi nyuma ya vioo yalikuwa yakiomba, na Tabasamu aliyasoma bila taabu: tafadhali, usiseme, nihudumie kama mtu yeyote, dakika mbili tu tumeshaondoka. Na kweli zilikuwa dakika mbili tu. Nani angejua? Mama Pacha asingemchongea. Bi Msimamizi alikuwa mbali, kwenye meza ya huduma, kichwa ndani ya mafaili.

Lakini kamera ilikuwa juu ya kichwa chake. Na Bi Msimamizi alikuwa mtu wa kukumbuka nyuso. Alishamwona akiwa na Fundi kituoni wiki iliyopita, akapita bila kusema, na tangu siku hiyo Tabasamu hakulala vizuri. Akimpitisha leo na kesho ukweli ukajulikana, yatampata yaliyompata dada wa kaunta mbili. Kodi ya chumba anachokaa na shangazi yake ilitoka kwenye kaunta hii. Dawa za shangazi nazo.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la moyoni, ambalo aliona haya hata kulikiri. Alitaka mtu amwulize Fundi swali ambalo yeye mwenyewe alishachoka kuuliza.

Akaweka dawa ya choo chini. Akanyanyua kadi ya bluu.

Taa juu ya kaunta ikawaka. Foleni nzima ikaguna.

"Sasa kuna nini tena?" aliuliza baba mmoja mwenye gunia la mkaa begani.

"Ni nini, binti?" aliuliza mwalimu. "Bei ina matatizo?"

"Hapana, mwalimu. Ni utaratibu wa duka. Subirini kidogo tu." Meno yote yalikuwa nje.

Bi Msimamizi alikuja na daftari lake kwapani, viatu vikigonga sakafu. Hakuwa mkali wa kelele. Ukali wake ulikuwa wa kuuliza maswali mafupi na kusubiri jibu.

"Nani?"

Tabasamu alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu kaka, Bi."

"Ni nani yako?"

"Naomba aseme mwenyewe, Bi."

Bi Msimamizi akamgeukia Fundi. Mwalimu akamgeukia mwanawe. Baba wa mkaa naye, ambaye hakuhusika hata kidogo, akashusha gunia ili asikie vizuri.

"Kijana, wewe ni nani kwa huyu?"

Sema, Tabasamu aliomba moyoni. Sema tu. Neno moja, hata ukilisema kwa kunong'ona nitalisikia.

Fundi akasukuma miwani juu ya pua.

"Tuna... tunafahamiana," alisema.

"Mnafahamiana vipi?" Safari hii aliyeuliza ni mwalimu.

"Kwa sura tu, mama. Duka langu si lipo hapo ng'ambo? Mimi ni mteja tu."

Mteja tu. Tabasamu alisikia kitu kikishuka kifuani mwake, kizito, kikakaa chini kabisa.

"Kufahamiana kwa sura hakumo kwenye daftari langu," alisema Bi Msimamizi. "Ni jamaa yako, au si jamaa yako?"

"Umemsikia, Bi," alijibu Tabasamu. Alishangaa sauti ilivyotoka imenyooka. "Ni mteja. Samahani kwa kukusumbua. Nitamhudumia."

"Basi saini hapa. Kadi ikinyanyuliwa lazima iandikwe."

Alifungua daftari. Mstari ulikuwa umeshachapwa, ulikuwa ukisubiri mtu wa kuusaini: Natamka kwamba mteja niliyemhudumia si ndugu, mwenzi, mchumba wala jamaa yangu. Tabasamu akasoma neno "mchumba" mara mbili. Kisha akasaini.

Alipitisha dawa ya choo. Akapitisha mchele, maziwa, viberiti. Fundi alinyoosha mkono kumpa yale majani ya chai, na vidole vyake vikachelewa kuachia pakiti.

"Tabasamu," alinong'ona.

"Tia kwenye mkanda, kaka."

Alimwita kaka, kama anavyowaita wote. Fundi aliachia pakiti kana kwamba imemuunguza.

Mwalimu alilipa, akakagua mfuko, akaona mayai yako juu. "Asante, binti. Una subira, na kazi yako unaijua."

"Karibu tena, mwalimu. Mteja anayefuata!"

Waliondoka. Tabasamu hakugeuka kuwatazama. Alimhudumia baba wa mkaa, akamhudumia msichana wa pipi, akamhudumia mzee aliyetaka kujua kwa nini vitunguu vimepanda, akamsikiliza mpaka mwisho. Mama Pacha alinyoosha shingo kutoka kaunta yake.

"Yule ndiye kosa lenyewe?"

"Hakuna kosa. Nimeshasaini kwamba hakuna."

"Nenda uani ulie kidogo, nitakushikia kaunta."

"Nikienda uani sitarudi, dada. Niache hivi hivi."

Bi Msimamizi alikuwa bado pale karibu, akikagua droo za kaunta namba tatu, daftari likiwa wazi mbele yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Saa moja na nusu nyingine tu, Tabasamu alijiambia. Kazi ipatikane. Mapenzi yatajulikana baadaye, au yasijulikane kabisa.

Ndipo mlinzi alipopiga kelele.

"Wewe kaka! Huo ni mlango wa kutokea!"

Fundi Miwani alikuwa akija mbio kinyume cha watu wote, akikwepa mifuko, shati limemtoka kwenye suruali. Alifika kwenye foleni ya kaunta namba nne akajipenyeza katikati.

"Panga foleni!" mama mmoja alimfokea.

"Sinunui kitu!"

"Kama hununui, unatafuta nini kwenye foleni?"

"Namtafuta yeye!" Alisimama mbele ya kaunta, akihema. "Nimemwambia. Nimemwambia mama kila kitu. Kuhusu benchi, kuhusu tochi, yote. Nimemwambia wewe ni mchumba wangu na sitaki mfamasia!"

Alilisema kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema jambo lililowakaa rohoni siku nyingi. Duka lote likanyamaza. Ni mashine ya Mama Pacha tu iliyolia mara moja, halafu nayo ikakaa kimya.

Na Bi Msimamizi akageuka, kalamu mkononi.

Lo, maskini Tabasamu! Maneno aliyoyasubiri miezi mitatu yamekuja, na yamekuja wakati wino wa sahihi yake haujakauka. Kama huyu ni mchumba wake, basi amesaini uongo. Na aliyesaini uongo haandikiwi "aendelee".

Bi Msimamizi alikuja taratibu. Akaliweka daftari juu ya mkanda, akaweka kidole kwenye sahihi.

"Nauliza mara ya pili, na ya tatu haipo. Huyu ni nani yako?"

Simjui. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Angelitoa tu, mlinzi angemshika huyu mwanaume mkono, akamtoa nje, na kazi ingebaki. Nani angemlaumu? Fundi mwenyewe si alifanya hivyo hivyo muda si mrefu uliopita? Tabasamu alifungua mdomo, sauti ikagoma. Alimtazama Fundi na kwa mara ya kwanza akaelewa jinsi ulimi wa mtu unavyoganda mbele ya anayeweza kumnyang'anya kitu. Alichukia kuelewa. Alitaka aendelee kumkasirikia tu, maana hasira haikumchosha kama hivi.

"Ni mchumba wangu, Bi."

Foleni ikashusha pumzi.

"Na hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Inasema si mchumba wako."

"Ndiyo, Bi. Ulimuuliza mbele yangu, akakujibu kwamba yeye ni mteja tu." Machozi yalimtoka sasa, na hakuyafuta. "Mimi nilimwamini."

Bi Msimamizi akamgeukia Fundi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unasema kweli, au ulinidanganya? Fikiri kabla hujajibu. Kama ulidanganya, huyu amemhudumia mchumba wake, na sheria ya duka inamfukuza."

Fundi aliinua mkono kwenye miwani. Safari hii hakuisukuma. Aliivua kabisa, akabaki nayo mkononi, macho yake wazi na yenye haya mbele ya watu wote. Nyuma ya foleni mama yake alikuwa amesimama na mfuko wake wa mayai.

"Nilisema kweli," alijibu. "Mwanaume anayemkana mwenzake kwa kumwogopa mama yake, huyo si mchumba wa mtu. Alikuwa na haki ya kunihudumia. Pale sikuwa wake. Nimekuwa wake hapo nje, kwenye maegesho, dakika tano zilizopita."

"Una shahidi?"

"Mimi hapa," ilisema sauti ya darasani. Watu wakampisha mwalimu. Alikuja mpaka mbele, gauni lake bila kunyanzi. "Mpaka tunatoka humu ndani sikuwa na habari ya mkwe yeyote. Ameniambia nje, nikiwa nimeshika mlango wa gari. Andika hivyo." Akamtupia Tabasamu jicho. "Na usiandike kwamba nimekubali. Hilo bado nalifikiria. Ila mtoto wangu amekana mtu mbele yangu kwa sababu yangu, na aibu hiyo ni yangu pia, siwezi kumwachia binti wa watu ailipie."

Bi Msimamizi akavuta daftari. Aliandika muda wa kutosha kuwafanya watu waanze kukohoa. Saa nne na dakika ishirini, mteja. Saa nne na nusu, mchumba. Akapiga mstari chini, akamwelekezea Fundi kalamu asaini, naye akasaini bila miwani, sahihi ikapinda.

"Kuanzia kesho," Bi Msimamizi alimwambia Tabasamu huku akifunga daftari, "huyu haonekani kwenye foleni yako. Tumeelewana?"

Tabasamu hakusikia yote. Alisikia "kesho". Alilishika neno hilo, akaligeuza kichwani, akaogopa kulifurahia mpaka alipomwona Mama Pacha akimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Tumeelewana, Bi."

Viatu vikaondoka vikigonga sakafu. Watu wakarudi kwenye mambo yao, wengine kwa shingo upande. Mwalimu alikwenda kusimama karibu na mlango, mgongo umemgeukia mwanawe, mfuko kifuani. Hakuondoka lakini. Alikuwa anasubiri, na hakuna aliyejua anasubiri nini.

Fundi aliweka kiganja chake juu ya mkanda wa kaunta, kikiwa wazi.

"Umenisamehe?"

Tabasamu alikitazama kiganja kile. Alikijua, na makovu madogo ya vioo kwenye vidole. Mikono yake mwenyewe aliiweka juu ya mashine. Mteja wa nyuma aliguna. Alipaswa kubonyeza kengele.

"Sijakusamehe," alisema, kwa sauti ndogo ambayo ni Fundi tu aliyeisikia. "Lakini usiende mbali."